Mnara wa nani? Maisha ya Gustave Eiffel (1832–1923)

Mgeni mwenye siku mbili tu mjini Paris huanzia Mnara wa Eiffel. Hupita chini ya miguu minne ya chuma, hupanga foleni, kisha huchagua: ama ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, ama lifti. Kutoka ghorofa ya pili kwenda kileleni wageni hupanda kwa lifti peke yake. Huko juu huuona mto Seine ukipinda katikati ya mji, na kilima cha Montmartre na kanisa lake jeupe. Huchungulia pia kupitia kioo cha chumba kidogo ambamo zimewekwa sanamu za watu watatu: mzee mwenye ndevu, binti yake, na mgeni wao kutoka Marekani, yule Edison wa taa za umeme. Hupiga picha, hununua kamnara ka kufungia funguo, hushuka. Saa mbili au tatu zimekwisha, na neno Eiffel limebaki mdomoni mwake kama jina la kitu, si la mtu.

Sisi tunaosoma lugha tunalo la kuuliza hapo. Tunaposema mnara wa Eiffel, ile -a unganifu haituambii uhusiano ni upi. Shamba la mjomba ni mali yake. Barua ya mjomba inaweza kuwa aliyoiandika au aliyoandikiwa. Barabara ya Lumumba si mali ya Lumumba, wala hakuijenga. Imepewa jina lake kwa heshima. Je, mnara huu ni wa Eiffel kwa maana ipi? Aliumiliki, aliuchora, aliujenga, au aliachiwa jina tu? Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kufuata swali hilo, kwa sababu jina lake lenyewe lilikuwa na safari ndefu: lilitoka mahali, likawa la ukoo, likapewa mnara, likachafuliwa mahakamani, likafutwa kwenye kampuni yake mwenyewe, na mwishowe likabaki.

Jina lililotoka milimani

Alexandre Gustave alizaliwa Dijon, mashariki mwa Ufaransa, tarehe 15 Desemba 1832. Jina kamili la ukoo wake lilikuwa Bönickhausen, na Eiffel ilikuwa nyongeza tu. Babu zake walitoka Ujerumani, sehemu ya vilima iitwayo Eifel, na mmoja wao akahamia Paris mwanzoni mwa karne ya 18. Wafaransa hawakuweza kulitamka jina Bönickhausen, hivyo ukoo ukajiongezea jina la kwao. Kwa lugha ya onomastiki, jina la mahali liligeuka kuwa jina la watu, tena kwa sababu ya matamshi. Baada ya vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, jina la Kijerumani likawa mzigo kwa mtu mwenye biashara Ufaransa. Gustave aliomba rasmi Bönickhausen iondolewe, na kuanzia mwaka 1880 akawa Eiffel tu mbele ya sheria. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48.

Baba yake alikuwa askari kabla ya kuacha jeshi. Mama yake, Catherine, ndiye aliyekuwa na moyo wa biashara: aliuza makaa ya mawe hata akaitajirisha familia. Kwa sababu ya kazi hizo mtoto alilelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake. Mjomba mmoja, Mollerat, alikuwa na kiwanda cha kemikali karibu na Dijon, na alimfungulia kijana mlango wa sayansi.

Kijana mwenyewe hakuwa wa ajabu shuleni. Alikwenda Paris kujiandaa kwa mtihani wa kuingia École Polytechnique, shule kuu ya wahandisi wa serikali, akashindwa. Akaingia École Centrale, akasomea kemia, akapata shahada mwaka 1855. Alitarajia kufanya kazi kwa mjomba, lakini ugomvi wa kifamilia ulifunga njia hiyo. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake leo ni sawa na chuma hakuchagua chuma tangu mwanzo. Alifika huko kwa sababu milango miwili ilikuwa imefungwa.

Madaraja

Mwaka 1856 aliajiriwa na Charles Nepveu, mhandisi wa mambo ya reli. Reli zilikuwa zinaenea Ulaya nzima na kila mto ulidai daraja. Hakupita muda mrefu akakabidhiwa kazi ya kusimamia daraja la reli la Bordeaux, lenye urefu wa mita 500 hivi juu ya mto Garonne. Lilijengwa kati ya mwaka 1858 na 1860. Ugumu haukuwa chuma bali misingi iliyopaswa kushuka chini ya mto wenye mkondo mkali. Eiffel alitumia hewa iliyoshindiliwa ili wafanyakazi waweze kuchimba pakavu chini ya maji. Alipoanza kazi hiyo hakuwa hata na miaka 26.

Alimwoa Marie Gaudelet mwaka 1862, wakapata watoto watano. Mwaka 1866 alifungua karakana yake huko Levallois, nje kidogo ya Paris. Marie alifariki mwaka 1877, na Eiffel hakuoa tena. Claire, binti yake wa kwanza, alichukua uongozi wa nyumba, na hata alipoolewa na mhandisi Adolphe Salles waliendelea kuishi na mzee. Ndiyo maana binti anayeonekana kwenye kile chumba cha kileleni ni yeye.

Nguvu ya karakana ya Levallois ilikuwa katika utaratibu. Kila kipande kilipigiwa hesabu ofisini, kikachorwa, kikatobolewa matundu kiwandani, kisha kikapelekwa mahali pa kazi na kuunganishwa na vingine. Kazi ya kukisiakisia papo hapo ilipungua sana. Hivyo ndivyo Eiffel alivyoweza kujenga mbali: stesheni ya Budapest, daraja la Maria Pia huko Porto, Ureno, lililokamilika mwaka 1877 likiwa na tao la mita 160, na daraja la Garabit katika milima ya Ufaransa, ambalo reli yake inapita mita 122 juu ya mto. Hata mifupa ya chuma iliyomo ndani ya Sanamu ya Uhuru ya New York ilitoka kwake. Aliuza pia madaraja madogo ya vipande, rahisi kusafirisha na kuunganisha, yaliyopelekwa katika makoloni kama Indochina.

Ustadi huo wa vipande haukuwa wake peke yake, na ulifika hadi kwetu. Huko Boma bado lipo kanisa la chuma lililoletwa kwa meli kutoka Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19. Jina la Eiffel limekuwa kubwa kiasi kwamba katika nchi nyingi jengo lolote la zamani lenye chuma hubandikwa jina lake. Stesheni ya reli ya Maputo, kwa mfano, husemwa mara nyingi kuwa ni kazi yake, ingawa sivyo.

Jina kubwa huvuta kwake hata kazi za wengine. Daraja la Porto lilibuniwa kwa sehemu kubwa na Théophile Seyrig, mshirika wake tangu mwaka 1868. Ushirika wao ulivunjika mwaka 1879. Seyrig alikwenda kwa kampuni moja ya Kibelgiji na kuchora daraja jingine katika mji uleule wa Porto, la Dom Luís, lililofunguliwa mwaka 1886 likiwa na tao refu kuliko la kwanza. Wageni wa Porto hupita juu yake kila siku, na wengi wao hudhani ni la Eiffel.

Mchoro wa vijana wawili

Mwezi Juni 1884 wahandisi wawili wa ofisi ya Eiffel, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, walikuwa wanawaza juu ya maonyesho ya kimataifa yatakayofanyika Paris mwaka 1889, miaka mia baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Koechlin, aliyekuwa na miaka 28, alichora nguzo ya chuma ya mita 300: miguu minne iliyo mbalimbali chini, inayopinda na kukutana juu. Pembeni mwa mchoro akapanga majengo maarufu, moja juu ya jingine, kuonyesha urefu huo ni nini.

Bwana mkubwa hakuvutiwa. Aliwaruhusu waendelee, lakini yeye mwenyewe hakuuchukua mradi kuwa wake. Ndipo msanifu majengo Stephen Sauvestre alipoutengeneza upya mchoro: akaongeza matao makubwa kati ya miguu na misingi ya mawe, akaupa sura ya mlango wa maonyesho. Baada ya hapo Eiffel alibadili mawazo. Mnamo Septemba 1884 hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, iliandikishwa kwa majina matatu: Eiffel, Koechlin na Nouguier. Kisha akanunua haki za wenzake wawili na kubaki mwenyewe.

Je, huo ni wizi? Hapana. Walilipwa, na Eiffel alipoueleza mradi mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1885 aliwataja. Koechlin aliendelea kufanya kazi katika kampuni ile kwa miaka mingi. Lakini ni kweli kwamba umbo lile tunalolijua halikutoka kwenye kalamu ya mtu ambaye mnara una jina lake. Maana moja ya ile -a unganifu, ile ya mchoraji, imeanguka hapa.

Eiffel alileta kitu kingine. Aliupigania mradi kwa wanasiasa na magazeti, akashinda shindano la mwaka 1886, na tarehe 8 Januari 1887 akatia saini mkataba na serikali na mji wa Paris. Alitia saini kwa jina lake binafsi, si la kampuni. Ruzuku ya serikali ilikuwa faranga milioni 1.5, isiyofikia robo ya gharama iliyokadiriwa. Zilizobaki alipaswa kuzitafuta yeye, na malipo yake yangetoka kwenye kiingilio cha wageni kwa miaka 20. Wakazi wa jirani walipokwenda mahakamani kwa hofu ya kuangukiwa, alikubali kubeba dhamana. Mnara ungeanguka, angeanguka nao.

Miaka miwili na miezi miwili

Kazi ilianza tarehe 28 Januari 1887. Hata mwezi haujaisha, waandishi na wasanii maarufu walichapisha barua ya kupinga katika gazeti Le Temps. Miongoni mwao alikuwa mwandishi Maupassant, mtunzi wa muziki Gounod, na msanifu Garnier aliyejenga jumba la opera. Waliona mnara utaharibu sura ya Paris. Eiffel alijibu kwamba umbo lake lilitokana na hesabu ya upepo, na kwamba kitu kinachofuata sheria za nguvu kina uzuri wake.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa mnara. Jengo refu jepesi halisumbuliwi sana na uzito wake. Adui yake ni upepo. Miguu ya mnara imepinda kwa kadiri ambayo upepo unaousukuma unageuzwa kuwa mgandamizo unaoshuka kwenye nguzo hadi ardhini. Nafasi wazi kati ya vyuma huruhusu hewa kupita. Kwa hiyo mpindo ule wenye kupendeza macho haukuwekwa kwa ajili ya macho.

Vipande 18,038 viliandaliwa Levallois na kuunganishwa kwa ribiti milioni 2.5, ile misumari mifupi inayopigwa ikiwa moto. Kila ribiti ilihitaji watu wanne: mmoja aliipasha moto, mmoja aliishika, mmoja aliunda kichwa chake, na wa nne alipiga nyundo. Ili miguu minne ikutane sawasawa kwenye ghorofa ya kwanza, wahandisi walitumia jeki za maji na makasha ya mchanga. Kuinua walitumia jeki. Kushusha walifungua kasha na kuacha mchanga utoke kidogo kidogo. Chuma cha maelfu ya tani kilisawazishwa kwa mchanga.

Watu mia mbili au tatu walifanya kazi hapo juu, kwenye baridi na upepo. Mnamo Septemba 1888 waligoma. Kadiri mnara ulivyopanda, hatari na baridi navyo vilipanda, na walidai mshahara upande pia. Eiffel aliwaongezea. Alikuwa na tarehe ya mwisho isiyosogezwa, na wao walijua. Tarehe 31 Machi 1889 alipanda ngazi 1,710 pamoja na wageni wachache wa heshima na kupandisha bendera kileleni.

Mwezi Mei mnara ulifunguliwa kwa watu. Lifti zilikuwa bado, lakini maelfu walipanda kwa miguu. Kiingilio kilikuwa faranga 2 kwa ghorofa ya kwanza, 3 kwa ya pili na 5 kwa kilele. Kufikia mwisho wa mwaka karibu watu milioni mbili walikuwa wamepanda, na gharama karibu yote ilikuwa imerudi. Kwa upande wa mali, basi, mnara ulikuwa wake kweli, ila kwa muda uliopimwa: baada ya miaka 20 ungekuwa wa mji, na mji ungekuwa na haki ya kuubomoa.

Jambo moja la maonyesho yale halielezwi sana kwa mgeni anayepanda leo. Umbali mfupi kutoka kwenye mnara, kwenye uwanja wa Invalides, palijengwa vijiji vya makoloni. Watu kutoka Senegal, Java na kwingineko waliwekwa humo kwa miezi kadhaa ili watazamwe wakipika na kufanya kazi. Mtu mmoja kwa tiketi za siku moja aliweza kutazama Paris kutoka juu na kutazama Waafrika kama vitu vya maonyesho. Eiffel hakuvijenga vijiji vile. Lakini mnara ulikuwa lango la maonyesho hayo, na tunaposimulia fahari ya lango ni haki kutaja pia kilichokuwa ndani.

Majina yaliyoandikwa

Chini ya baraza ya ghorofa ya kwanza Eiffel aliandikisha majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa, 18 kila upande, kwa herufi za urefu wa sentimeta 60. Wamo Lavoisier, Ampère, Coulomb, Fourier, Foucault. Ilikuwa shukrani, na pia jibu kwa waliomdharau: mnara huu umetoka kwenye elimu ya hawa.

Katika 72 hao hakuna mwanamke hata mmoja. Sophie Germain hayumo, mwanahisabati aliyepata tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1816 kwa utafiti juu ya mitetemo ya mabamba yanayonesa, elimu iliyo jirani kabisa na kazi ya kujenga kwa chuma. Koechlin hayumo, wala Nouguier, wala hata mmoja wa wapiga ribiti. Mwanzoni mwa karne ya 20 majina yote 72 yalifunikwa kwa rangi, yakarudishwa kati ya mwaka 1986 na 1987. Miaka ya karibuni mji wa Paris umeanza mpango wa kuongeza majina ya wanawake wanasayansi. Orodha ya chuma ni maandishi kama maandishi mengine, nayo huhaririwa.

Jina lililofutwa

Mwishoni mwa mwaka 1887, mnara ukiwa bado mfupi, Eiffel alikubali kumjengea Ferdinand de Lesseps malango makubwa ya kupandisha na kushusha meli kwenye mfereji wa Panama. Lesseps alikuwa amechimba Suez na alidhani Panama ingechimbwa vivyo hivyo, kwa usawa wa bahari. Milima, mvua na homa vilimshinda, akaomba msaada akiwa amechelewa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya mfereji ilifilisika, na Wafaransa wengi wa kawaida walipoteza akiba zao. Ikagundulika kwamba wabunge walihongwa.

Eiffel hakuwa kiongozi wa kampuni ile, lakini alikuwa amelipwa fedha nyingi kwa kazi ambayo haikukamilika. Mnamo Februari 1893 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya faranga 20,000. Miezi michache baadaye mahakama ya juu ilifuta hukumu hiyo kwa sababu muda wa kisheria wa kushtaki ulikuwa umepita. Uamuzi wa namna hiyo humtoa mtu gerezani, lakini haumsafishi machoni pa watu. Uchunguzi wa wenye kusimamia nishani yake ya heshima haukuona sababu ya kumnyang’anya.

Mwaka huohuo aliacha uongozi wa kampuni, na kampuni ikaondoa jina lake. Ikaitwa kwa jina la mahali, Levallois-Perret, na aliyeiongoza alikuwa Koechlin. Tuangalie mzunguko huu: ukoo ulioacha jina la Kijerumani na kuchukua jina la milima ulipata utajiri wa jina hilo, kisha kampuni ikalikimbia jina hilohilo na kujificha nyuma ya jina la mtaa. Kilichobaki hadharani na jina Eiffel kilikuwa mnara tu, nao ulikuwa na tarehe ya kufa.

Kuuokoa mnara

Alikuwa na miaka 60. Angeweza kukaa nyumbani na fedha zake. Badala yake alitumia miaka 30 iliyobaki kufanya sayansi, na karibu yote aliifanya kwa kuutumia mnara. Alielewa kwamba uzuri peke yake hautauokoa. Lazima uwe na kazi.

Tangu mwaka 1889 kilele kilikuwa na vyombo vya kupimia hali ya hewa. Kuanzia mwaka 1903 alidondosha mabamba ya maumbo mbalimbali kutoka ghorofa ya pili, yakishuka kwenye waya na kujiandikia nguvu ya hewa iliyoyakabili. Mwaka 1909 alijenga chini ya mnara maabara yenye feni kubwa iliyopuliza hewa juu ya vielelezo vya mabawa, wakati ndege zilikuwa zimeanza tu kuruka. Mwaka 1912 aliihamishia Auteuil, na mwaka uliofuata Smithsonian ya Marekani ikampa medali ya Langley. Mtu aliyeanza kwa kuuogopa upepo kama adui wa madaraja alimaliza akiwa mwalimu wa watengeneza ndege.

Kilichouokoa mnara hasa ni simu isiyo na waya. Mwaka 1898 Eugène Ducretet alituma ishara kutoka mnarani hadi Panthéon, umbali wa kilometa 4. Miaka michache baadaye afisa wa jeshi, Gustave Ferrié, alitafuta mahali parefu pa kufungia nyaya zake. Jeshi lilikuwa na mashaka na halikuwa na fedha. Eiffel alimkaribisha na kulipa gharama za majaribio kutoka mfukoni mwake. Mawasiliano yakafika mbali zaidi mwaka hadi mwaka, na serikali ikaona kwamba kuubomoa mnara ni kujitoboa sikio. Haki ya kuuendesha ikaongezwa kwa miaka 70 kuanzia mwaka 1910. Vita vilipokuja mwaka 1914, kituo cha mnarani kilinasa habari za jeshi la Ujerumani.

Gustave Eiffel alifariki nyumbani kwake Paris tarehe 27 Desemba 1923, akiwa na miaka 91. Alizikwa Levallois, mahali palipokuwa na karakana yake. Mnara haukubomolewa. Mwaka 2022 uliwekewa antena mpya na kufikia mita 330.

Turudi kwenye -a unganifu

Tunaweza sasa kulijibu swali letu. Mnara si wa Eiffel kwa mchoro. Ulikuwa wake kwa mali, lakini kwa muda. Ulijengwa naye kama mwenye dhamana, na kwa mikono ya mamia ya watu wengine. Yeye mwenyewe, alipoandika kitabu kikubwa juu yake mwaka 1900, hakutumia jina la ukoo kwenye kichwa cha kitabu. Aliuita mnara wa mita mia tatu. Watu ndio walioupa jina lake, na nadhani watu hawakukosea, ila sababu ni tofauti na ile anayoidhani mgeni wa siku mbili. Wachoraji wawili walianza mnara. Mtu mmoja alikubali kuanguka nao, kisha akaulea kwa miaka 34 hadi hakuna aliyetaka tena kuubomoa. Hiyo ni maana ya -a ambayo sarufi zetu haziitaji: uhusiano wa kitu na aliyekitunza.

Jina hilo linastahili, lakini gharama yake ni kwamba limewafunika wengine, na kuwafunua ni kazi yetu sisi tunaoshughulika na majina. Hatuhitaji kwenda Paris. Kinshasa tunao mnara wa Limete, unaozidi mita 200, uliochorwa na Olivier-Clément Cacoub, mzaliwa wa Tunisia, enzi ya Mobutu. Chini yake imesimama sanamu ya Lumumba, na tangu mwaka 2022 pana kaburi lake. Watu huuita Échangeur, yaani kwa jina la makutano ya barabara. Jina la mchoraji halimo midomoni mwao, na majina ya waliomwaga zege hayamo popote. Tofauti na wapiga ribiti wa Paris, baadhi ya hao huenda bado wako hai. Mwanafunzi anayetafuta mada ya onomastiki angeweza kuchukua daftari na kwenda kuwauliza wanaitwa nani, na wao wenyewe waliuitaje mnara ule walipokuwa wakiupandisha.